Ombwe

Gari la Mzee Kihwele linakonyeza.
Ukiwasha taa, jicho la kushoto linainuka,
la kulia linabaki chini ya kope yake
kama karani anayejifanya hajakuona.

Mafinga, Juni, saa moja asubuhi.
Ukungu umekaa hadi magotini mwa mipaini,
chai inapoa njiani kuelekea mdomoni.
Viti viwili, bonati ndefu kama ahadi:
meneja fulani wa chai aliliacha akarudi kwao,
likafugiwa kuku miaka kumi na minne.

"Ni umeme tu huo," anasema Lwitiko, tasta mkononi.
Tangu ajue kuunga waya, hata mafua kwake ni shoti.
Tulia, kijana. Umeme hapa ni mshenga.
Anayeinua kope ni hewa isiyokuwepo.

Isiyokuwepo, ndiyo.
Injini inavuta pumzi, na pale ilipovuta
panabaki upungufu, na upungufu huo
unapita kwenye mpira mwembamba kuliko kidole cha mtoto,
unavuta ngozi ndani ya kopo,
ngozi inavuta fimbo, fimbo inavuta kope.
Vitabuni wanaita ombwe. Gereji tunasema mvuto.
Bibi yangu angesema njaa,
na njaa hufanya kazi kubwa,
ila ukiitoboa kwa sindano tu
inashiba upepo.

Mzee naye ana mashtaka yake:
"Tambarare ya Nyololo halina neno.
Nikipanda Kitonga, hata hilo jicho zima linasinzia."
Hapana uchawi, mzee. Ukikanyaga mafuta mlimani
injini inaachama, mvuto unakwisha.
Ndiyo maana liliwekewa tangi la akiba
na valvu mlangoni: hewa itoke, isirudi.
Nikaichomoa, nikaipuliza.
Huku ikakubali. Huku nako ikakubali.
Valvu inayokubali kotekote
ni dirisha.

Kisha nusu mita ya mpira, ncha moja sikioni,
ncha nyingine naitembeza gizani, bomba kwa bomba,
mpaka kwenye kona nyuma ya rejeta:
sssss.
Ufa mdogo kuliko ukucha.
Tukakata. Tukaunga. Kope ya kulia ikapanda
polepole, kwa aibu.

Lakini taa yenyewe ilikuwa rangi ya chai ya maziwa.
Haya sasa, Lwitiko, zamu yako.
Akabadilisha glopu. Akabadilisha fyuzi
(iliyokuwa imefungwa karatasi ya sigara,
Mungu amsamehe aliyefanya hivyo).
Chai ya maziwa ileile.
Gonga mwili wa gari, nikamwambia. Unasikia chuma?
Hii ni faiba. Umeme ukishafika kwenye taa
hauna ukuta wa kuegemea urudi nyumbani;
una waya mmoja tu mweusi, na waya huo
umeota ukungu wa kijani kwenye kichwa cha bolti.
Msasa. Maji ya moto. Kaza.
Taa ikawa nyeupe, kuku wakakimbia.

Tulipozima injini tukahesabu hadi mia tatu.
Macho hayakufumba. Tangi limeshika.

Sasa bei. Naandika: valvu ya kuokota, mpira,
fyuzi, ufundi. Mzee anasogeza miwani
jinsi alivyokuwa akiisogeza Mufindi,
karani wa mizani, miaka ishirini na sita,
kila kapu akikata kilo mbili,
ati majani yana umande,
hata Oktoba, hata saa nane mchana.
Mama yangu alichuma pale. Mgongo wake
bado unaijua njia ya kwenda kwenye ile mizani.

Naongeza mstari wa mwisho:
Umande, elfu mbili.

Anausoma. Anausoma tena.
Lwitiko anataka kuuliza, namkanyaga mguu.
Mzee anahesabu noti, anailaza juu yake ya elfu mbili,
anaipapasa kidogo, kama ina unyevu,
anaingia garini bila neno
na kuzama kwenye ukungu,
macho yote mawili wazi.