Paa Jipya

Jumamosi ya tatu. Emrys yumo garini
kichwa chini, miguu nje,
anazitukana ribiti kwa Kiwelisi.
Paa la zamani limelala kwenye nyasi
kama ngozi ya mnyama tusiyemla,
na viraka viwili vya uzi mwekundu
nilivyovishona Tenby, mvua ikinipiga mgongoni.

"Shika hapa. Vuta. Usivute sana."
Navuta. Si sana.
Turubai jipya limekaza
kama kiatu cha shule siku ya kwanza.
Kitabu kinasema ni kazi ya saa nne;
kimeandikwa na mtu mwenye mikono sita.

Tunalianika juani, jua la Aberdare,
lile la kuazima, lilegee kidogo.
Kisha wote wawili tunaning'inia kwenye fremu,
matumbo hewani,
mpaka komeo likubali:
tak.

Usiku mvua ikaja bila hodi.
Tukatoka na ndara, tukaketi ndani gizani,
tukisikiliza.
Upande wake, pakavu.
Upande wangu, tone.
Halafu tone.
Emrys kanyamaza kama mtu aliyeulizwa umri.
Nikafungua mwavuli humo humo garini,
nikamwambia: washa, twende.