Mama Mgumu, Mikroni Tano

Dundee, Desemba. Saa kumi jioni, giza limeshakaa.
Chumba chetu kiko chini ya barabara;
dirishani vinapita viatu tu, na theluji iliyochafuka.
Kwenye nta kuna kipande cha shingo ya bibi mmoja,
miaka themanini na moja, aliyeusia mwili wake kwa wanafunzi.
Jina hatupewi. Tunapewa namba, na kazi aliyoifanya:
mfumaji wa magunia ya juti.

Nakata. Mikroni tano,
wembamba ambao pumzi yangu ni kishindo kwake,
kwa hiyo naibana.
Ukanda unatoka umejikunja kama ganda la kitunguu,
naulaza juu ya maji ya uvuguvugu, unatulia, unanyooka,
nauokota kwa kioo.
Kisha rangi: zambarau kwa viini, waridi kwa yaliyobaki.

Daktari Geddes alinifundisha jina la Kilatini,
akanipa na maana yake, akacheka kidogo: mama mgumu.
Mimi sikucheka. Walatini waliazima kwa Waarabu,
na neno umm nililisoma chuoni
kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Tazama basi. Huyu hapa:
nyuzi za kolajeni, furushi juu ya furushi,
nyingi zikishuka na urefu wa shingo,
nyingine zikikatiza,
na katikati yake nyuzi za kunyumbuka, chache,
ili kichwa kikiinama asichanike.
Seli zake zimelala bapa, mbalimbali,
kama watu waliotoka zamu ya usiku.
Mtande na mshindio, bibi. Uliivaa kazi yako ndani.
Hapana, nalifuta hilo.
Kila mtu anao, hata asiyewahi kushika uzi.

Ndani yake, ukiongeza ukuzaji, utando wa buibui.
Neno letu lina mizigo miwili:
mdudu, na vazi jeusi alilojitanda mama akienda msibani.
Seli zimeshikana bega kwa bega, hakipenyi kitu,
na chini yake vijinyuzi vinaning'inia kwenye maji
yaliyokwisha kukauka; pamebaki peupe.
Kisha wa tatu, mama mpole,
ameung'ang'ania ugwe kama malai juu ya maziwa.

Haya niliyaona kabla ya majina yake. Tanga, hospitali ya Bombo.
Mhina alikuwa na miaka sita, shingo imekakamaa kama mpini,
homa ya uti wa mgongo.
Nesi akasema: mkunjeni, magoti yaguse kidevu, asitikisike.
Mama akavua buibui, akaliweka kitini,
akambana mwanawe kwa mikono yote miwili,
na Mhina akilia, Mama niache, Mama niache,
na mama hakumwacha.
Sindano ikapita ngozi, ikapita kano,
ikamtoboa mama mmoja ndani
mwingine akiwa amemkumbatia nje.
Maji yakatoka na ukungu, kama ya kuoshea mchele.
Alipona. Masikio hayakurudi.

Daktari Geddes ananigusa bega. Angalia hapa, juu kabisa,
chini ya fuvu: msuli mdogo kuliko kidole cha mtoto
umetuma nyuzi zake mpaka kwenye utando, umeushika.
Wa nini? Bado wanabishana.
Huenda unauvuta usijikunje tunapoinua kichwa.
Anasema "huenda" kwa heshima, kama mtu anayepiga hodi.

Saa kumi na mbili nafunika darubini.
Simu inawaka. Kwao ni saa tatu usiku,
uso wa Mhina umejaa kioo kizima,
vidole vinauliza: umekula?
Mkono wangu mmoja una begi, wa pili una simu.
Naitikia kwa kichwa.
Nyuma ya shingo kitu kinavuta kitu, taratibu.
Hajaona vizuri, mwanga ni hafifu.
Naitikia tena.