Daftari la Mbaraki

Daftari langu la mwaka ule lina doa la chai
juu ya jina la Famau Shekue, wa Kuze.
Mita thelathini: sekunde nne nukta moja.
Miguu: yote miwili. Mpira wa kichwa: safi.
Nikapiga mstari chini yake mara tatu
hadi karatasi ikatoboka.

Ukurasa wa pili, wino ukikaribia kukata:
Chengo Nyamawi, Mikindani. Mzito.
Kushoto tu. Labda.

Niliwapeleka wote wawili Nairobi kwa basi la usiku.
Klabu ilitaka mmoja; nikabembeleza wamchukue na wa pili,
kama muuzaji wa Kongowea anavyokuongezea
ndimu moja juu ya fungu.

Famau alikuwa mfalme wa shule.
Walimu walimsogezea mitihani,
wenzake walimbebea viatu,
mama wa mahamri pale getini hakumdai.
Tulimsifu mgema asubuhi na jioni
kisha tukashangaa ladha ya tembo.

La, hilo ni rahisi mno kusema.
Famau hakuwa na kiburi. Alikuwa na miaka kumi na minane
na chumba chenye dirisha lisilofungika, Nairobi, mwezi wa Julai,
na mshahara uliochelewa miezi mitatu,
na wajomba wanne waliokwisha kuutumia.
Na asubuhi ya kwanza mazoezini
aligundua jambo ambalo sikumwambia:
kila mmoja kwenye mstari ule
alikuwa Famau wa kwao.

Chengo alikalia benchi msimu mzima.
Alimuuliza kocha maswali ya kipuuzi:
nikitoka hapa, pengo ni la nani?
Na alikuwa na tabia ambayo saa yangu haikuipima:
kabla mpira haujamfikia, shingo ilikwisha geuka,
kushoto, kulia.
Baadaye nilijua. Likizo zote alisukuma mkokoteni Kongowea,
magunia ya viazi, mteremko, lori likirudi kinyumenyume;
asiyetazama nyuma pale haioni Jumatatu.

Huu ni msimu wake wa tisa. Kwa mguu ule ule mmoja.

Juzi nilimkuta Famau Makadara, anatengeneza simu
kwenye kibanda cha upana wa mlango.
Tukaongea: goti lake, karo ya mtoto, joto.
Chupa tupu ya maji ikadondoka kutoka kaunta;
hakuangalia. Aliipokea kwa kisigino,
ikapanda, ikaingia pipani,
naye akaendelea kukaza skrubu.
Mimi ndiye niliyenyamaza.

Hatimaye nikauliza: ilikuwa nini?
Akapuliza vumbi kwenye simu ya mtu.
"Hapa nikikosea, mtaa mzima ulinitukana.
Kule walikaa kimya tu.
Wakaandika."

Jumamosi hii niko Mbaraki tena,
vijana arobaini, jua la saa nne, saa mkononi.
Nimechora safu mpya daftarini: Anatazama nyuma?
Kwa mvulana wa kwanza nimeiacha tupu. Na wa pili.
Wa tatu ametazama nyuma kweli,
lakini alikuwa anamtafuta mamake kwenye uzio.

Nimeshika kalamu.
Kipyenga kimelia, naye bado anamtafuta.