Muhtasari Usio Rasmi

Kikao kilifunguliwa saa nne na dakika kumi.
Ndivyo nilivyoandika.
Sikuandika kwamba tulikalia madawati ya darasa la pili,
magoti yakigusa videvu,
na kwamba ubaoni, juu ya kichwa cha Mwenyekiti,
mwalimu aliacha hesabu za kugawanya
na chini yake: USIFUTE.

Makorora, Jumamosi.
Nje baiskeli zimelaliana ukutani.
Wajumbe wa chama cha soko waliohudhuria: arobaini na wawili.

Mwenyekiti Hoza ametukatalia maazimio matatu.
Mimi ndiye niliyeyapiga chapa,
nikampelekea kwake, barabara ya kumi na nne,
ndani ya bahasha ya kaki,
nikayapokea kesho yake, kila moja
na neno lake kwa wino mwekundu: NAKATAA.
Mwandiko mzuri, jamani. Alikuwa karani wa bandari.

Wacheza karata wa Ngamiani wanaijua hiyo:
mwenye turufu hana haja ya kuhesabu.
Anaibamiza mezani, anakusanya.
Miaka tisa amekusanya.

Ila Zuhura Kidee, muuza viungo,
siku moja alichana karatasi afungie mteja bizari,
akaona imeandikwa *Ibara ya 19*,
akaimwaga bizari, akasoma.
Leo akasimama nayo, ya manjano mpaka pembeni.
"Theluthi mbili wakinyoosha mkono,
azimio linapita. Apende asipende."
Hapo ndipo tulipoisikia feni.

La kwanza: choo cha wanawake.
Mikono thelathini na mitatu.
Hata Mbwego wa nazi alinyoosha,
na huyo ni shemeji yake Mwenyekiti;
alitazama dirishani muda wote
kama mkono ule kaazimwa.

La pili: ushuru wa asubuhi,
mia tano iwe mia tatu.
Nikahesabu. Ishirini na saba.
Nikahesabu tena, kuanzia mlangoni.
Ishirini na saba.

Sasa niseme lisilomo kwenye muhtasari.
Karani hana mkono. Hivyo alinifunza Hoza mwenyewe:
"Wewe ni sikio na kalamu, Mwantumu."
Lakini nina meza ya vitunguu, niliachiwa na mama,
nina stakabadhi ya ada, nimelipa hadi Desemba.
Nikaiweka kalamu chini. Ikabingirika, ikaanguka.
Nikanyoosha.
Hakuna aliyepiga makofi. Mtu alikohoa.
Kisha nikainama kuitafuta chini ya dawati,
maana ishirini na nane haiwezi kujiandika.

La tatu, taa za usiku, lilianguka.
Ishirini na tano tu.
Wenye meza za mbele hufunga saa kumi na moja;
giza la kule nyuma, kwenye samaki, haliwahusu.
Neno jekundu likabaki palepale.
Zuhura akaikunja ibara yake, akaitia kifuani.
"Mwakani," akasema, hakumwambia mtu.

Kikao kilifungwa saa sita na nusu.
Hoza akaomba auone muhtasari.
Nilidhani ataurarua.
Akausoma polepole, kidole chini ya kila mstari,
akafika kwenye jina langu, akapumzika hapo,
akaendelea.
Akaichomoa ile kalamu nyekundu;
tumbo langu likafunga fundo.
"Umeandika *theruthi*," akasema.
"Ni theluthi. Kwa *l*."
Akasahihisha herufi moja, akatia sahihi,
akanirudishia karatasi kwa mikono miwili.

Nje watu hawakuwa na haraka,
walikuwa bado wanalipigia hesabu lile mia mbili.
Baiskeli yake ndiyo iliyotangulia kufika asubuhi,
kwa hiyo ilikuwa chini ya zetu zote.
Akasimama kivulini mwa ukuta, suruali kaikunja tayari,
akasubiri.