Kofi Moja

Ubao ulikuwa mfupi, na rangi nimeshaikoroga.
Bi Veneranda wa Igogo alinipa kikaratasi:
ISLAND RESTAURANT.
"Yote yaingie," akasema, "na herufi ziwe nene."

Nikapima kwa rula, nikapima kwa shubiri,
penseli ikafika RESTA, ukingo huu hapa.
Nikate wapi? Neno la watu
halikatwi kama sato, popote kisu kinapopita.

Nikamwita Nkwimba, wa darasa la sita,
yuko juu ya jiwe nyuma ya nyumba
anafukuza kuku wasile dagaa.
"Piga makofi, baba. Kila kofi kipande.
Res. Tau. Rant."
Nikapiga. Kuku wakatimka.

"Na island?"
Ai. Landi. Mawili.
"Mbona s siisikii?"
"Ipo, baba, ila haisemi."
Nikakumbuka lile jiwe karibu na kivuko,
limezama, hulioni,
na bado kila chombo hulizunguka.

Kisha, kwa utundu, akanipa strength.
Herufi nane. Kinywani mwangu likatoka na watoto wake:
si-ti-re-ngi-thi,
makofi matano na jasho.
"Kofi moja tu," akasema.
Moja! Konsonanti zimebanana
kama nyumba za Mabatini juu ya majabali,
e peke yake katikati, inatafuta pa kupumulia.
Kwetu kila kipande huacha mlango wazi:
sa-to, ma-ji, ka-ya.
Hata m ya mtu, isiyo na irabu,
ina kofi lake, haiombi kwa jirani.

Nikafungua daftari lake nione mengine.
Mstari wa nne, tiki nyekundu ya mwalimu:
Mwan-za.
Hapana. Hapo nikaweka brashi chini.
Mwa. Nza.
Hiyo n haibaki ng'ambo,
ndiyo iliyomshika z mkono.
"Makofi si mawili vilevile, baba?"
Mawili, ndiyo. Lakini sikiliza
unapovutia pumzi.
Akalitamka polepole, mara tatu, akitazama ziwa.
Hakusema nimeshinda. Alichukua kifutio.

Jioni Bi Veneranda akaja kukagua.
RESTAU-
RANT.
"Na hiki kijiti ni cha nini?"
"Ni kofi," nikasema.
Akanipunguzia elfu mbili.