Rafu ya Jasi

Sijawahi kumwona Lovrenc Kolmanič.
Namjua kwa kinywa tu:
mataya mawili ya jasi, meupe, yenye baridi,
yaliyofika karakana yetu ya Maribor Jumatatu
ndani ya kisanduku cha viatu,
yamezongwa gazeti la matangazo ya matrekta.
Miaka kumi na mmoja, imeandikwa kwa penseli.
Milimita tisa.

Tisa ni nafasi ya kulaza ncha ya kidole changu
kati ya meno ya juu yaliyotangulia
na ya chini yaliyochelewa,
kama ndugu walioahidiana kukutana stesheni
na mmoja akakosea saa.
Jino moja la mbele limemeguka pembeni.
Baiskeli, nadhani. Au ngazi za shule.
Anayetangulia ndiye hupokea ardhi.

Daktari Brumen ameniletea na kipande cha nta.
Alimwambia mtoto: sogeza kidevu mbele,
zaidi, zaidi kidogo, hapo. Uma.
Nta ikashika mahali
ambapo taya lake lilifika kwa pumzi mbili tatu
kisha likarudi lilikozoea.
Kazi yangu ni kuzijengea nyumba pumzi hizo.

Nakunja waya. Nachanganya unga na maji yake makali,
harufu ambayo Bogomir huitambua kwenye koti langu
kabla sijafungua mlango.
Nasugua miteremko miwili, wa juu na wa chini,
ikutane kwa pembe,
ili kila afumbapo kinywa
njia ya zamani aikute imefungwa
na ateleze mbele bila kuambiwa.
Katikati ya kaakaa, skrubu:
mama ataizungusha robo kila Jumapili
kwa ufunguo usiozidi kijiti cha kiberiti.

Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo wasemavyo.
Lakini mimi sikunji kitu.
Kifaa hiki hakina nguvu hata ya kuvunja biskuti.
Nguvu zote ni za Lovrenc mwenyewe:
misuli inayong'ang'ania kurudi,
mate anayomeza usingizini,
na ule mfupa chini ya sikio
ambao bado haujakata shauri.
Angekuwa na miaka thelathini
ningemtengenezea plastiki ileile
ikabaki plastiki.

Novemba, simu.
Kifaa kimetupwa na mabaki ya chakula shuleni,
ndani ya karatasi ya kufutia mikono.
Mama alikuwa akilia au akicheka, sikuelewa.
Kwa wiki mbili za kwanza, akasema,
mtoto hakuweza kutamka herufi ya mwisho ya jina lake;
darasa zima likaitamka kwa niaba yake.
Nilitengeneza cha pili.
Safari hii aliagiza rangi: kijani, chenye vumbi la kung'aa.
Mwezi mzima benchi langu lilimetameta
kama la mshonaji wa nguo za harusi.

Kisha kimya. Kimya ndicho habari njema katika kazi hii.

Leo, baada ya miezi kumi na minne, kisanduku kingine.
Naweka mataya mapya kando ya yale ya zamani.
Napima. Nafuta miwani, napima tena.
Milimita tatu.
Nampigia daktari: ni mfupa uliokua?
Mfupa kidogo, anasema,
meno yameinama kidogo,
na kilichobaki usiniulize, Zdenka, alikuwa anakua.

Nafumbanisha nusu mbili mkononi, bila nta.
Tak.
Zimekaa.
Ulimi wangu unapita nyuma ya meno yangu mwenyewe,
kwenye ile nafasi ya tangu utoto
ambayo hakuna aliyewahi kuipima,
nami naurudisha.

Jino lililomeguka bado limemeguka.
Hilo si langu, atalijaza mwingine.
Napuliza vumbi, naandika tarehe,
nampandisha Lovrenc rafuni,
karibu na dirisha.