Kisanduku Namba Saba

Kisanduku namba saba kinauliza:
"Utafiti huu utaimarisha usalama kwa asilimia ngapi?
Jibu kwa tarakimu. Usizidishe nafasi uliyopewa."
Nafasi niliyopewa haizidi ukucha wa kidole gumba.

Nimekaa Langoni, juu ya duka la Athman Shekuwe.
Feni inazunguka kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Mezani nina kanda arubaini na moja
za wanawake wa vugo.

Vugo, mheshimiwa mfadhili, ni pembe za nyati.
Hugongwa kwa vijiti usiku wa arusi,
mtaa huu ukiurushia mtaa ule maneno,
mengine makali, mengine matamu, mengine yote mawili.
Ilipokuja kafyu, vugo likahamia saa tano asubuhi.
Jua la utosi. Wanja ukateremka hadi mashavuni.
Wakaimba kwamba mwezi umechomoza
huku wamefinya macho kwa mwanga,
na watoto wakawacheka.
Zile beti za usiku wa manane
zikaona haya mchana,
zikafa moja moja, hazina hata matanga.

Je, hilo nalo ni shambulio?
Sijui. Sijaona lilipohesabiwa.

Halafu neno lenyewe, usalama.
Kwenye fomu yenu limevaa tai.
Huku, mtoto akilia usiku huambiwa, nyamaza,
usalama wako nje.
Nilipobisha kwa Bi Somoe Famau
nikasema, "Natoka mradi wa sanaa na usalama,"
nilisikia komeo likirudi mahali pake.
Siku ya tatu nikasema natoka kwa mamangu,
Mwanakheri wa Mkomani, mshona kofia.
Akafungua.
"Salama?"
"Salama, mwanangu. Vua viatu."

Kanda ya ishirini na tisa ni yake.
Aliimba ameketi ukumbini, pembe mapajani,
kwa Kiamu cha bibi yake:

    Pembe zangu nazilie, watu wote wasikie,
    mwana wangu nimwambie, mwango wazi uingie,
    mato yangu yasilie, moyo wangu utulie,
    yeo nami nimwitie,

Hapo akanyamaza.
Unasikika mfereji ukidondoka, jirani akitwanga bizari,
punda akilalamika kichochoroni.
Nimeurudia ukimya huo mpaka betri ikaisha.
Nusu mstari umekosekana: mizani nane.
Jina la mwanawe pamoja na la baba yake
huenea pale pasipo kupungua wala kuzidi.
Ninalijua. Sikuliandika kwenye daftari,
na hapa pia siliandiki.

Majuzi mliniletea barua ya heshima:
fedha zaweza kuongezwa mara mbili
iwapo kanda zitafikishwa kwa wadau husika.
Nilimsomea Athman. Akapima sukari ya mteja, akauliza,
"Wadau ni kina nani?"
Nikamwambia barua haisemi.
Akasema, "Basi inasema."

Sina ugomvi na fedha zenu. Zimelipa nauli,
zimenunua chai, sukari, tende, betri,
zimemlipa Mwanahawa anayenukuu kwa mkono mmoja
huku mwingine ukibembeleza mtoto.
Kabla yenu, aliyekuja kuuliza habari za vita
hakuuliza kamwe habari za nyimbo.
Mtaniwia radhi: kwenye orodha niliyowatumia
ishirini na nane inafuatwa na thelathini.
Ishirini na tisa iko kwa mwenyewe,
ndani ya kasha, chini ya kanga za mazishi.

Imebaki siku moja fomu ifungwe.
Maswali mengine yote nimeyajibu,
hata lile la gharama za vitafunio.
Kwenye kisanduku namba saba nimeandika
8.
Mtadhani ni asilimia.